Chura, Mjusi na Tangi la Kioo: Jibu kwa Mwalimu wa Kigoma

Swali: Mimi ni mwalimu wa baiolojia katika shule ya sekondari hapa Manispaa ya Kigoma Ujiji, na ninaishi Mwanga. Nimerithi tangi la kioo lililokuwa la samaki, lenye urefu wa sentimita 90, upana wa 45 na kimo cha 45. Ningependa kuligeuza kuwa bustani yenye mimea hai, kisha niweke humo vyura wadogo wa matete pamoja na mijusi wawili watatu, ili wanafunzi wajifunze. Maelekezo mengi niliyoyasoma ni ya nchi za nje, nayo yanasisitiza taa za joto na mikeka ya umeme. Nianze vipi, na je, wanyama hao wataishi pamoja kwa usalama?

Jibu: Mwalimu, salaam. Umeuliza mambo mawili, nami nitaanza na la pili, kwa sababu jibu lake linabadilisha jibu la kwanza. Vyura na mijusi wasiwekwe katika tangi moja. Chura wa matete ana ngozi nyembamba inayopitisha maji na hewa. Anakunywa kwa ngozi, na kwa kiasi fulani anapumua kwa ngozi hiyo hiyo, hivyo chochote kilichomo ndani ya tangi, ukiwamo uchafu wa mjusi, kina njia ya kuingia mwilini mwake. Mjusi kwa upande wake anahitaji mahali pa kuota jua asubuhi na mahali pakavu pa kulala, na akikaa siku nyingi katika unyevu unaomfaa chura, hupata vidonda vya ngozi na maradhi ya mapafu. Hapo sijataja njaa. Mjusi mkubwa humeza chochote kinachotikisika na kutosha mdomoni, na chura wa matete mwenye sentimita mbili na nusu hivi anatosha vizuri sana. Vyura wengi nao hutoa majimaji yenye sumu kwenye ngozi, kwa hiyo hata aliyemeza anaweza kuumia. Zile picha za chura na mjusi waliotulia juu ya tawi moja, mara nyingi zilipigwa siku ya kwanza.

Tangi lako basi liwe la vyura peke yao. Mijusi tutawajengea nyumba nyingine ya waya, tena ya gharama ndogo zaidi, na nitaieleza mwishoni.

Kuhusu hayo maelekezo ya nje, yameandikwa kwa ajili ya watu ambao nyumba zao wakati wa baridi zinaweza kumuua chura wa nchi za joto kwa usiku mmoja, kwa hiyo kazi kubwa ya mfugaji wa huko ni kuongeza joto. Wewe uko nyuzi tano hivi kusini mwa ikweta, kando ya ziwa ambalo uso wake uko takribani mita 773 juu ya usawa wa bahari. Mchana wako ni wa saa 12 hivi mwaka mzima, na baridi ya sebuleni kwako haiwezi kumdhuru chura aliyezaliwa kwenye matete ya huko huko. Adui yako ni joto kupita kiasi na hewa isiyotembea. Chura wa matete aliye ndani ya kioo hustawi penye nyuzijoto 22 hadi 28. Zikipita 32 katika tangi lililofungwa na kubaki hapo kwa saa kadhaa, jiandae kuokota maiti. Mkeka wa umeme usinunue, na taa ya joto usinunue. Fedha hizo nunulia vipimajoto viwili, kimoja ukiweke karibu na mfuniko na kingine karibu na udongo, pamoja na kipima unyevu kimoja.

Tangi likae kwenye ukuta wa ndani ambao haupigwi na jua la alasiri, mbali na dirisha na mbali na jiko. Ukitaka kuelewa sababu, liweke tangi tupu dirishani saa nane mchana likiwa na kipimajoto ndani, uwaachie wanafunzi wasome namba kila baada ya dakika kumi; somo hilo peke yake lina thamani ya kipindi kizima. Miezi ya kuogopa ni Septemba na Oktoba, kabla mvua hazijashika. Siku za namna hiyo, tandika kitambaa cha pamba kilicholowa juu ya nusu ya mfuniko wa wavu na uelekeze feni ndogo ipulize juu yake, si ndani, nawe utaona joto likishuka nyuzi mbili tatu.

Sasa tangi lenyewe, na hapo tuanze na uzito kabla ya uzuri. Tabaka la chini la kupitishia maji, lenye kina cha sentimita 5, katika vipimo ulivyonipa linajaza lita 20, yaani ndoo moja kubwa. Ukitumia kokoto, hiyo peke yake ni kilo 30 hivi. Udongo wa sentimita 8 ni lita 32, na ukishalowa unakaribia kilo moja kwa kila lita. Ongeza kioo, magogo na maji, na utafika kilo 90 bila kujitahidi. Meza ya kawaida ya sebuleni haiwezi mzigo huo. Mwambie fundi akutengenezee stendi ya mbao ngumu au ya chuma, aipime kwa pima maji, kwa maana tangi lililoinama hubebesha mshono mmoja mzigo wa mishono minne.

Kwa kuwa lilikuwa la samaki, lioshe kwa maji ya moto na siki ili kuondoa ule ukoko mweupe, na usiguse sabuni, kwa sababu huwa inabaki kwenye mishono. Mshono uliolegea uzibwe kwa silikoni ya kawaida isiyotiwa dawa, ile ambayo inapokauka hutoa harufu ya siki. Silikoni ya bafuni iliyoandikwa kwamba inazuia ukungu ina kemikali za kuua viumbe, na kwa kazi yako ni sumu. Baada ya kuziba, subiri mpaka harufu iishe kabisa, hata kama ni siku tano.

Bustani ya kioo inasimama au kuanguka kwa jambo moja, nalo ni maji kupata pa kwenda. Watu huhangaikia mimea na rangi za vyura, kumbe kinachoua ni maji yaliyotuama chini ya udongo usio na hewa. Udongo wa namna hiyo hugeuka mweusi na kunuka kama yai viza; ukisikia harufu hiyo, usitie manukato wala mkaa wa kuficha, bali ondoa wanyama na ufumue kila kitu. Ili usifike huko, weka chini vipande vya matofali ya kuchoma vilivyovunjwavunjwa kwa ukubwa wa karanga na kuoshwa mpaka maji yatoke meupe. Ni vyepesi kuliko kokoto na vinanyonya kidogo. Usitumie vipande vya saruji, wala mchanga wa ufukweni wenye maganda ya konokono, kwa sababu vyote viwili hutoa chokaa. Katika kona moja ya nyuma simamisha kipande cha bomba la plastiki kinachofika mpaka chini, kikiwa na matundu madogo kwenye sentimita nne za mwisho. Kupitia bomba hilo utachungulia kwa tochi uone maji yamefika wapi, na utayavuta nje kwa mpira mpya wa dripu unaopatikana duka la dawa. Kutoboa kioo cha chini ni njia nzuri zaidi, lakini kioo kilichoimarishwa kwa joto kikiguswa na keekee husambaratika chote, na kwa tangi la kurithi sina hakika kama moyo wako utastahimili.

Juu ya matofali hulazwa wavu wa kuzuia udongo usishuke. Hapa nisimame kidogo, maana hapa ndipo nilipoua vyura wangu wa kwanza. Katika mwaka wangu wa pili wa kufuga nilichukua kipande cha chandarua kilichochanika, nikakikunja mara mbili na kukilaza vizuri juu ya kokoto, nikajisifu kwa kubana matumizi. Mimea ilistawi. Siku ya tatu baada ya kuingiza vyura sita niliwakuta wakiburuta miguu ya nyuma kama waliolewa, na wawili walikuwa wamelala chali majini. Vijidudu vya kusafisha udongo, ambavyo nitavieleza mbele, vilikuwa vimeshakwisha siku nyingi kabla yao. Ningevichunguza, ningejua mapema. Vyandarua tunavyogawiwa dhidi ya malaria vimetiwa dawa ya jamii ya pairethroidi, ambayo kwa binadamu aliyelala chini yake haina madhara makubwa, lakini kwa wadudu, samaki na amfibia ni sumu kali, tena imetengenezwa makusudi isitoke hata baada ya kufuliwa mara nyingi. Tumia wavu wa plastiki wa madirisha usiotiwa dawa, na hata huo uloweke siku mbili na kuusuuza. Kwa sababu hiyo hiyo, chumba chenye tangi kisipuliziwe dawa ya mbu, na koili ya mbu isiwashwe humo.

Udongo wa shambani usiuchukue, hasa wa mashamba yaliyowahi kupigwa dawa, na ndugu zetu wa Tabora wanaolima tumbaku wanalijua hilo zaidi yetu. Usichukue pia makapi ya mawese, ingawa Kigoma yamejaa na yanafanana kwa macho na makumbi ya nazi. Yana mafuta, na katika unyevu huoza na kufunikwa na ukungu kwa wiki moja. Mchanganyiko ninaoutumia ni sehemu mbili za mboji ya majani iliyokomaa, sehemu mbili za makumbi ya nazi yaliyooshwa mara kadhaa kutoa chumvi, sehemu moja ya mchanga mnene wa mtoni, na sehemu moja ya mkaa wa kawaida uliopondwa kwa ukubwa wa maharage. Mchanganyiko huo uchemshwe kwa mvuke ndani ya sufuria yenye mfuniko kwa nusu saa, ili mayai ya tandu na konokono yafe. Ukipoa, kamata ngumi moja na kuminya: yatoke matone mawili matatu tu, na ukifungua kiganja donge libaki zima, kisha livunjike kwa kuguswa na kidole. Maji yakitiririka, uanike kidogo.

Maji nayo yana habari yake Kigoma. Maji ya bomba ya mji wenu hutoka ziwani, na Ziwa Tanganyika lina maji ya alkali, yenye pH inayokaribia 9, na madini mengi yaliyoyeyuka. Samaki wa ziwa hilo wameyazoea, ila chura wa matete hutaga katika vidimbwi vya mvua, na kioo chako kikipuliziwa maji hayo kila siku kitageuka cheupe kama kilichopakwa chokaa. Klorini huondoka ukiacha ndoo wazi kwa siku moja au mbili, lakini madini hayaondoki kwa kuacha wala kwa kuchemsha. Kinga maji ya mvua, uache mvua mbili tatu za kwanza zioshe bati, kisha ujaze madumu ya kutosha kiangazi. Tangi la ukubwa huu, likiwa na mfuniko wa nusu kioo na nusu wavu, halitumii zaidi ya lita chache kwa wiki, kwa hiyo madumu manne ya lita 20 yanakuvusha miezi ya ukame.

Kwenye mimea nitakwenda haraka, kwa sababu mimea inasamehe kuliko chura. Kangaga wapo bure: tazama vigogo vya michikichi mikongwe ya upande wa Ujiji, kwenye vikonyo vya makuti yaliyokatwa, utaona wameota kama ndevu. Omba ruhusa ya mwenye mti, chukua miche miwili midogo. Ule mmea wa kutambaa wenye majani ya umbo la moyo na madoa ya njano, ambao watu huuotesha katika chupa ya maji sebuleni, hustahimili kila kosa la mwanzo na majani yake mapana ni vitanda vizuri vya vyura. Ongeza magugu mawili ya majani marefu membamba yasimame wima kama matete, maana chura huyu hulala mchana ameng'ang'ania jani lililosimama. Vyovyote utakavyochukua, kati ya chungu ulichotoka mmea na tangi kuwe na wiki tatu za kuoshwa mizizi na kukaa peke yake, ili mbolea na dawa za bustanini zitoke. Mnyaa usiuingize, kwa ajili ya utomvu wake, na utupa usikaribie hata chumba: mmea unaotumiwa kulevya samaki hauna kazi nyumbani kwa chura. Juu ya udongo tandaza majani makavu ya mkungu au mpera yaliyochemshwa. Gogo la kupandia liwe la mti mgumu lililochemshwa na kukaushwa. Mbao zilizotiwa dawa ya mchwa, hapana.

Kisha usiweke mnyama. Liache tangi likae wiki nne hadi sita likiwa na mimea peke yake, taa nyeupe ya LED ikiwaka saa 10 hadi 12 kwa siku. Wiki ya pili utaona utando mweupe wa ukungu juu ya magogo, na hapo wengi hukata tamaa. Ni kawaida. Chukua majani yaliyoozeana chini ya mwembe, yatikise juu ya karatasi nyeupe, utaona vijidudu vyeupe vidogo kuliko punje ya chumvi vikirukaruka. Hivyo ndivyo vitakavyokula ukungu huo pamoja na mavi ya vyura. Vitie mia au zaidi. Ukipata na vile vya kijivu vyenye miguu mingi vinavyoishi chini ya matofali yenye unyevu, vitie kumi. Jongoo na tandu, usithubutu. Tena kwa kuwa siafu wanaweza kumaliza tangi zima kwa usiku mmoja, simamisha miguu ya stendi katika vikopo vya maji, kama bibi zetu walivyofanya na kabati la chakula.

Kuhusu vyura wenyewe, anza na kibali. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 ndiyo inayosimamia ukamataji na umiliki wa wanyamapori, na chura ni mnyamapori hata kama analia nyuma ya choo chako. Nenda kwa afisa wanyamapori wa wilaya au ofisi ya TAWA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, ukiwa na barua ya mkuu wa shule inayotaja idadi, aina na kusudi la elimu, na usikamate kabla ya kupata jibu la maandishi. Ndani ya Hifadhi ya Gombe au Mahale usiokote hata jani. Usinunue chura kwa mtu anayewatembeza ndani ya chupa, maana hujui walikotoka wala wamegusana na nani.

Nasema hivyo kwa sababu nchi yetu ina mfano wake. Vyura wadogo wa Kihansi, katika milima ya Udzungwa, waligunduliwa mwaka 1996 wakiishi kwenye eneo la hekta chache tu linalolowanishwa na rasharasha za maporomoko ya maji. Mradi wa umeme ulipopunguza maji ya maporomoko hayo, takribani vyura 500 walipelekwa Marekani mwishoni mwa mwaka 2000 na kufugwa ndani ya matangi ya kioo yenye mimea na rasharasha, ya namna hii hii unayotaka kuijenga. Mwaka 2003 waliobaki korongoni waliporomoka ghafla, na ugonjwa wa kuvu wa ngozi uitwao kitridi ulikutwa miongoni mwao. Mwaka 2009 walitangazwa kuwa wametoweka porini, na mwaka 2012 uzao wa matangini ulianza kurudishwa Kihansi. Kuvu hiyo husafiri kwa maji, kwa matope ya viatu na kwa vyombo vya kuvulia. Kwa hiyo maji unayovuta kutoka chini ya tangi lako usiyamwage mtaroni kuelekea ziwani. Yatie jiki, yaache usiku kucha, kisha yamwage mahali pakavu penye jua. Chura aliyeishi na wengine ndani ya kioo asirudishwe porini kwa huruma ya likizo.

Ukipata kibali, chukua vyura sita, si zaidi, na uwakalishe kwanza siku 30 katika beseni la plastiki lenye mfuniko wa wavu, karatasi nyeupe iliyolowa na tawi moja. Karatasi hukuonyesha kinyesi, na kinyesi hukuonyesha minyoo. Chura anayekaa wazi sakafuni usiku, aliyekunja miguu isivyo kawaida au ambaye ngozi inamtoka vipande vipande, asiingie tangini. Ukimshika, mikono iwe imeoshwa kwa maji matupu na bado imelowa, bila sabuni wala mafuta wala dawa ya mbu. Ukimaliza, osha sasa kwa sabuni, na wanafunzi vivyo hivyo, kwa ajili ya bakteria wa salmonela.

Puliza maji alfajiri na jioni, kisha acha majani yakauke mchana. Unyevu wa asilimia 60 hadi 80 unatosha, na tangi lisilokauka hata kidogo huleta vidonda. Usishtuke saa sita mchana ukimwona chura aliyekuwa wa kahawia amepauka hadi kukaribia weupe wa maziwa, miguu ameikunja chini ya tumbo, macho amefumba nusu: wengi wa jamii hii hupauka hivyo ili kurudisha mwanga na kupunguza joto. Saa moja jioni njoo tena na tochi hafifu. Utamkuta ameshuka kwenye kioo, tumbo likionekana kwa upande wako, vidole vyenye visahani vimebandikwa, rangi imerudi, naye anamfuata inzi kwa kichwa kabla ya kumfuata kwa mwili. Madume wakianza kuita, mwombe radhi mwenzi wako mapema.

Chakula ni inzi wa matunda waliozalishwa katika chupa yenye ndizi iliyoiva kupita kiasi, na nyenje wachanga. Kipimo ni mdudu asiyezidi nafasi iliyo kati ya macho mawili ya chura. Kumbikumbi wa masika ni karamu, ila usiwaokote chini ya taa za majengo yaliyopigwa dawa. Mara mbili kwa wiki wapake wadudu unga laini wa kalsiamu uliochanganywa na vitamini D3, wa duka la dawa za mifugo. Ganda la yai lililosagwa lina kalsiamu, halina D3.

Mijusi sasa. Fremu ya mbao yenye upana na kina cha sentimita 60 na kimo cha 120, iliyozungushiwa wavu wa waya, ikae barazani inapopata jua la asubuhi kwa muda wa saa mbili au tatu, na upande mmoja uwe na kivuli saa zote. Hapa ndipo Kigoma inapowashinda wafugaji wa nchi za baridi: wao hununua taa za mionzi ya urujuanimno kila baada ya miezi kadhaa, wewe unayo bure, mradi jua lisipite kwenye kioo, kwani kioo huzuia mionzi ile ambayo mjusi huitumia kutengeneza vitamini D3, na akiikosa mifupa yake hulainika. Weka jiwe bapa litakalofika nyuzijoto 35 hadi 40 juani, magome yaliyosimama, na vyungu viwili vya mkonge mwitu. Kwa mijusi wadogo wa mchana wanaoishi kwenye vigogo vya miti, wavu uwe wa matundu ya kuzuia mbu, bila dawa. Dume liwe moja tu, majike wawili. Madume mawili hukatana mikia. Wengi hawanywi kwenye bakuli, hulamba matone, kwa hiyo puliza magome kila asubuhi. Miguu ya fremu iingie kwenye vikopo vya maji pia, na mlango ufungwe kwa komeo, kwa sababu paka wa jirani hujifunza upesi kuliko wanafunzi. Vibanio, chupa ya kupulizia na vyombo vya chakula vya huku visivuke kwenda kwa vyura. Mimi vya mijusi nimevipaka rangi nyekundu kwenye mipini, hata kijana anayenisaidia usiku hakosei.